Makelele yana mbunge, moshi hauna

Juu ya meza ya Bunge la Uingereza huwekwa siwa, yaani rungu la fedha lililopakwa dhahabu, kuwa ishara kwamba Bunge linaketi kwa mamlaka halali. Siwa likiondolewa, kikao si kikao tena. Tarehe 15 Januari 2009, mbunge wa Hayes na Harlington, Bwana John McDonnell, aliondoka kitini mwake, akalitwaa siwa hilo na kwenda kulilaza juu ya benchi lililokuwa tupu. Alitolewa kikaoni, akapigwa marufuku kwa siku tano. Kilichomkera hata akathubutu kugusa kisichoguswa ni tangazo la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bwana Geoff Hoon, kwamba serikali imeridhia kujengwa kwa njia ya tatu ya kuruka na kutua ndege katika uwanja wa Heathrow, na kwamba wabunge hawatapewa nafasi ya kulipigia kura jambo hilo. Bwana McDonnell alikuwa wa chama cha Labour, na serikali iliyotoa tangazo ilikuwa ya chama hicho hicho.

Kila nikikisimulia kisa hiki mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, swali linalonirudia huwa moja: kwani ubaya wa uwanja wa ndege ni nini? Swali hilo si la kupuuzwa. Kwetu sisi, ambao wengi wetu tumeupanda uzio wa Embakasi kutazama ndege kabla ya kuota kuzipanda zenyewe, uwanja wa ndege ni alama ya nchi iliyoendelea. Mtu anayeupinga huonekana ama mwendawazimu, ama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Kwa hiyo yafaa tukitazame kisa cha Heathrow kwa utulivu, tuone ni nani hasa aliyeipinga njia hiyo ya tatu, kwa sababu gani, na upinzani wake ulidumu kwa muda gani.

Jina lenyewe lilikuwa la kitongoji. Hadi mwaka 1944 palikuwa na mahali paitwapo Heath Row, magharibi mwa London, penye udongo mwema uliolimwa mboga na matunda ya kuuzwa mjini. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa bado vinapiganwa, na serikali ikaitwaa ardhi hiyo kwa sheria za dharura, ikidai kwamba jeshi la anga lahitaji kituo. Wenyeji waliamriwa kuhama na nyumba zao zikabomolewa. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, uwanja ukafunguliwa kwa ndege za raia. Miaka mingi baadaye Harold Balfour, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Anga wakati wa vita, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba tangu mwanzo nia ilikuwa ni uwanja wa raia, na kwamba haja ya kijeshi ilikuwa kisingizio cha kukwepa uchunguzi wa hadharani na pingamizi za wenyeji. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana mambo ya aina hii. Itoshe kusema kwamba vijiji vilivyosalia kando ya uwanja, yaani Sipson, Harmondsworth, Longford na Harlington, vimeishi tangu hapo vikijua namna jirani yao alivyozaliwa.

Upepo wa London aghalabu huvuma kutoka magharibi, nazo ndege hutua zikiuelekea. Kwa hiyo nyingi huingia zikitokea mashariki, chini kwa chini juu ya mapaa ya jiji lenye watu mamilioni. Uwanja una njia mbili zilizo sambamba. Kwa kawaida moja hutumiwa kwa kutua na ya pili kwa kuruka, na ifikapo saa tisa alasiri kazi hubadilishwa, ili watu walio chini ya njia moja wapumzike nusu ya siku huku wenzao wakipokea zamu ya mngurumo. Katika mitaa ya magharibi ya London watu hupanga hata mapumziko ya bustanini kwa kufuata ratiba hiyo.

Walimu, hasa, watapendezwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watafiti waliwapima watoto 2,844 wa umri wa miaka 9 na 10 katika shule 89 zilizo karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol nchini Uholanzi na Barajas nchini Uhispania. Waligundua kwamba kadiri makelele ya ndege yalivyozidi shuleni, ndivyo uwezo wa watoto wa kuelewa wanachokisoma ulivyopungua. Nchini Uingereza, ongezeko la desibeli 5 lililingana na kuchelewa kusoma kwa muda wa kama miezi miwili. Mwalimu aliyewahi kufundisha ufahamu chini ya paa la mabati mvua ikinyesha ataelewa bila kupewa takwimu zaidi.

Almuradi, upinzani wa Heathrow ulianza kama upinzani wa makelele. Jengo la tano la abiria lilipoombewa kibali, uchunguzi wa hadharani ulianza mwaka 1995 ukaisha 1999, na ruhusa ilipotolewa mwaka 2001 iliambatana na sharti kwamba safari za ndege zisizidi 480,000 kwa mwaka. Kikomo hicho kiliwekwa ili wakazi wapate kulala. Njia ya tatu ingekivunja, kwani hesabu za baadaye za serikali zilionyesha kwamba ingeongeza safari zipatazo 260,000 kila mwaka.

Jambo jipya liliingia kati ya mwaka 2007 na 2009, nalo ni moshi. Simaanishi ule moshi unaochafua hewa ya mtaa, ingawa huo nao upo, bali gesi ya kaboni inayopanda angani na kuzidisha joto la dunia nzima. Agosti 2007 vijana walipiga kambi ya mahema karibu na uwanja huo kwa ajili ya tabianchi. Mwaka 2008 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyoifunga nchi kupunguza gesi hizo kwa asilimia 80 ikilinganishwa na mwaka 1990 ifikapo 2050. Na Januari 2009 shirika la Greenpeace lilitangaza kwamba limenunua kipande cha ardhi huko Sipson, katikati kabisa ya eneo la njia iliyokusudiwa, kisha likawaalika watu watie majina yao kuwa washiriki katika umiliki, ili atakayetaka kuitwaa ardhi hiyo akabiliane na maelfu ya wenyewe. Miongoni mwa walionunua alikuwamo mwigizaji Emma Thompson, na alikuwamo pia kijana tajiri wa chama cha Conservative, Bwana Zac Goldsmith. Liweke akilini jina hilo.

Wakati huo chama cha Conservative kilikuwa upinzani, na kiongozi wake, Bwana David Cameron, aliahidi kwamba hakutakuwa na njia ya tatu, pasi na kama wala lakini. Machi 2010 Mahakama Kuu, ikisikiliza kesi ya mabaraza ya mitaa na wanaharakati, iliamua kwamba sera ya viwanja vya ndege ya mwaka 2003 haiwezi kutegemewa kana kwamba Sheria ya Tabianchi ya 2008 haikutungwa. Mwezi Mei serikali ya mseto ya Bwana Cameron iliingia madarakani na kuufuta mpango. Wanavijiji wakashangilia, na nani angewalaumu?

Ahadi ni deni, lakini huko Westminster mdai hana pa kwenda kudai. Septemba 2012 Waziri wa Uchukuzi, Bibi Justine Greening, mbunge wa Putney na mpinzani wa njia hiyo, alihamishwa wizara. Mwezi huo huo ikaundwa tume ya viwanja vya ndege chini ya Sir Howard Davies, nayo ikaagizwa kuleta ripoti ya mwisho baada ya uchaguzi mkuu. Ripoti ilitoka tarehe 1 Julai 2015 ikipendekeza nini? Njia ya tatu, Heathrow. Nyumba kama 783 zingebomolewa, ikiwemo sehemu kubwa ya kijiji cha Harmondsworth, kijiji chenye ghala la mbao lililojengwa mwaka 1426 ambalo mshairi John Betjeman alilifananisha na kanisa kuu. Ghala lenyewe lingeachwa limesimama, likitazamana na ukuta wa uwanja.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Boris Johnson. Mwezi Mei 2015, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Uxbridge na South Ruislip, jirani kabisa na Heathrow, aliwaambia wapiga kura wake kwamba atalala mbele ya matingatinga ili kuuzuia ujenzi. Maneno hayo yalinukuliwa kote, nayo ni matamu. Oktoba 2016 serikali ya Bibi Theresa May, ambaye yeye mwenyewe akiwa mbunge wa Maidenhead aliwahi kuipinga njia hiyo, iliuridhia mradi. Tarehe 25 Juni 2018 Bunge likapiga kura: 415 waliunga mkono, 119 walipinga. Bwana Greg Hands alijiuzulu wadhifa wake serikalini siku chache kabla, ili apate uhuru wa kupiga kura ya kupinga. Bwana Johnson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, hakujiuzulu wala hakupiga kura. Siku hiyo alikuwa Kabul, Afghanistan, na sijasikia kwamba huko kulikuwa na tingatinga lolote la kulaliwa.

Na yule Bwana Goldsmith? Kwa haki yake yafaa isemwe kwamba alitimiza alilosema. Aliwaahidi watu wa Richmond Park kwamba chama chake kikiiruhusu njia hiyo atajiuzulu ubunge, na Oktoba 2016 akajiuzulu kweli, akagombea tena akiwa mgombea huru. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda kwa kura 23,015 zaidi ya aliyemfuata. Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 1 Desemba alishindwa na Bibi Sarah Olney wa chama cha Liberal Democrats, ambaye naye aliipinga Heathrow vilevile. Wapiga kura walikuwa wakilipima suala jingine kabisa, la nchi yao kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Basi mtu aliyeshika ahadi yake akapoteza kiti, na yule aliyekuwa Kabul, mwaka mmoja baada ya kura hiyo, akawa Waziri Mkuu.

Sisi tulio Kenya tusicheke sana. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga kujengwa kwa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, wabunge wetu walimkejeli waziwazi ndani ya Bunge, na shirika lake la Green Belt likafurushwa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Jumba halikujengwa. Sijui lipi ni afadhali, mbunge anayekutukana usoni nawe ukajua pa kusimama, ama mbunge anayekupigia makofi kisha siku ya kura ukamkosa. Walimu wa historia na serikali wanaweza kuwaachia wanafunzi wao mjadala huo.

Lakini kuwalaumu wanasiasa kwa unafiki ni kazi rahisi, na nadhani haifiki kwenye kiini cha jambo. Tazama orodha ya waliopinga: Hayes, Putney, Richmond, Uxbridge, Maidenhead, Chelsea na Fulham. Yote ni maeneo yaliyo karibu na uwanja au chini ya njia za ndege. Vyama vyao ni tofauti na itikadi zao ni tofauti, ila anga iliyo juu ya vichwa vyao ni moja. Hilo si aibu. Mbunge hutumwa na watu wake, na watu wake wakikosa usingizi, ni wajibu wake kusema. Aibu huja anapoivalia hoja ya usingizi joho la hoja ya dunia.

Mfano ulio wazi ni huyu huyu Bwana Johnson. Alipokuwa Meya wa London, kuanzia 2008 hadi 2016, hakuwa akipinga kuongezwa kwa safari za ndege hata kidogo. Alikuwa akipigania uwanja mpya kabisa, mkubwa kuliko Heathrow, ujengwe mashariki kwenye mlango wa mto Thames. Makelele yangehama, yakawasumbue ndege wa porini wa kwenye matope ya mto na watu wa Kent. Moshi usingehama kokote. Tani moja ya kaboni ikitoka Heathrow, au Gatwick, au mlango wa Thames, hupanda kwenye anga ile ile inayotufunika sote. Kwa hiyo mtu anayesema usijenge hapa, jenga pale, anapinga kelele. Anayesema safari za ndege zenyewe zisiongezwe kupita kiasi ambacho nchi imejiwekea kisheria, huyo ndiye anayepinga moshi. Hao wawili wanaweza kuandamana katika barabara moja wakiwa na mabango yanayofanana, lakini siku serikali itakapobadilisha mahali, mmoja wao atarudi nyumbani.

Makelele yana mbunge. Moshi hauna, kwa kuwa madhara yake hayana eneo la uwakilishi. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, hoja ya moshi haikuishia bungeni bali mahakamani, na sehemu hii ya kisa ndiyo ninayopenda wanafunzi waisome kwa makini.

Desemba 2015 mataifa yalikubaliana mjini Paris kulizuia joto la dunia lisizidi nyuzi 2, na kujitahidi lisipite nyuzi 1.5. Uingereza iliridhia mkataba huo mwaka uliofuata. Sheria ya mipango ya Uingereza inataka kila taarifa ya sera ya kitaifa kuhusu miradi mikubwa ieleze namna ilivyozingatia sera ya serikali juu ya tabianchi. Taarifa iliyoiruhusu Heathrow, iliyotolewa Juni 2018 na Waziri Chris Grayling, haikuutumia Mkataba wa Paris kama kipimo. Mashirika ya Friends of the Earth na Plan B, pamoja na Meya wa London na mabaraza kadhaa ya mitaa, yakaenda mahakamani. Walishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2019. Tarehe 27 Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo: serikali ilikuwa imejifunga hadharani kwa Mkataba wa Paris, hiyo ilikuwa sera yake, na waziri alipaswa kuizingatia. Kwa kuwa hakuizingatia, taarifa yake si halali.

Majaji walisema wazi kwamba hawakuamua iwapo njia ya tatu inapatana na Mkataba wa Paris ama haipatani. Walichosema ni kwamba mtu hawezi kuamua jambo kubwa namna hiyo kisha akajifanya hakutia sahihi mahali. Ni tofauti ndogo machoni pa mtu mwenye haraka, lakini ndiyo inayotenganisha hakimu na mwanasiasa. Na zaidi ya hapo kuna kichekesho: serikali iliyoshindwa ilikuwa sasa ya Bwana Johnson, nayo ikakataa kukata rufaa. Mahakama ilikuwa imelala mbele ya tingatinga kwa niaba yake.

Kampuni ya uwanja ndiyo iliyokata rufaa. Tarehe 16 Desemba 2020 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, iliipa ushindi. Neno sera, walisema, katika sheria hiyo lina maana finyu: ni tamko rasmi lililotungwa na kutulia, wala si kila kauli ya waziri bungeni kuhusu Paris. Isitoshe, waliona kwamba waziri aliufikiria mkataba huo kwa kadiri ya kutosha alipoifuata sheria ya mwaka 2008. Lakini waliacha mlango wazi. Kampuni itakapoomba kibali chenyewe cha ujenzi, mradi utapimwa kwa masharti ya tabianchi yatakayokuwapo siku hiyo. Na masharti yalikuwa yamekwisha kukazwa: Juni 2019 lengo la asilimia 80 lilibadilishwa likawa asilimia 100, yaani ifikapo 2050 nchi isiongeze angani zaidi ya inachokiondoa.

Mkurugenzi wa Plan B, mwanasheria Tim Crosland, aliitangaza hukumu hiyo siku moja kabla ya kutolewa rasmi, akisema anafanya hivyo kwa makusudi ili kupinga. Alipatikana na hatia ya kuidharau mahakama, akatozwa faini ya pauni 5,000. Mimi sikubaliani na alichofanya, maana mtu aliyeikimbilia mahakama akitaka kinga hawezi kuitupia mawe siku inapomnyima. Hata hivyo, ukimlinganisha na wale waliokuwa na safari za dharura, utaona kwamba yeye angalau alikuwapo.

Sasa niseme kinachotuhusu sisi. Mwaka 2007, hoja ya moshi wa ndege iliposhika kasi Uingereza, maduka makubwa ya huko yalianza kubandika picha ya ndege kwenye pakiti za mboga zilizosafirishwa kwa anga, na maharagwe machanga ya wakulima wetu yalikuwa miongoni mwazo. Wakulima wengi hapa walitaharuki. Mwaka huo huo watafiti wa chuo kikuu cha Cranfield waliyalinganisha maua ya waridi ya Kenya na ya Uholanzi yanayouzwa Uingereza. Waridi 12,000 za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilitoa kama kilo 6,000 za kaboni. Waridi 12,000 za Uholanzi, zilizokuzwa katika vibanda vya vioo vinavyopashwa moto na kuangazwa taa, zilitoa kama kilo 35,000. Jua la Naivasha halitozi ankara.

Takwimu hizo zilitufurahisha, na ni haki yetu kufurahi. Lakini tusizitumie kuitetea njia ya tatu, kama nilivyowasikia baadhi ya watu wakifanya. Mizigo mingi ya Heathrow husafiri ndani ya matumbo ya ndege za abiria zilizopo tayari. Safari 260,000 za ziada hazikupangwa kwa ajili ya maharagwe ya Mwea. Zilipangwa kwa ajili ya watu, wakiwemo wengi wanaobadilisha ndege tu hapo London wakielekea kwingine.

Upande wa pili wa hesabu uko Marsabit, Turkana, Wajir na Mandera. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walieleza Aprili 2023 kwamba ongezeko la joto linalosababishwa na binadamu liliufanya uwezekano wa ukame wa namna hiyo kuwa angalau mara 100 zaidi. Sidai kwamba ndege za Heathrow ndizo zilizoua ngamia wa Wajir. Usafiri wa anga wa dunia nzima hutoa takribani asilimia 2.5 tu ya gesi ya kaboni ya binadamu. Ninachodai ni kwamba mfugaji wa Wajir ni jirani wa Heathrow sawasawa na mkazi wa Richmond, ila yeye hana mbunge Westminster wa kujiuzulu kwa ajili yake, wala hakuna saa tisa alasiri ambapo zamu yake humalizika.

Mambo hayakusimama mwaka 2020. Korona iliwapunguza abiria wa Heathrow kutoka karibu milioni 81 mwaka 2019 hadi milioni 22 mwaka 2020, na watu wa vijiji vile walisikia ndege wa angani wakilia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kufikia 2024 abiria walikuwa wamerudi na kupita milioni 83. Julai 2024 chama cha Labour kilirejea madarakani. Waziri Mkuu wake, Sir Keir Starmer, alikuwa miongoni mwa wale 119 waliopinga mwaka 2018. Vivyo hivyo Bwana Ed Miliband, Waziri wa Nishati. Tarehe 29 Januari 2025 Waziri wa Fedha, Bibi Rachel Reeves, alitangaza kwamba serikali inaiunga mkono njia ya tatu kwa ajili ya kukuza uchumi. Meya wa London, Sir Sadiq Khan, wa chama hicho hicho, alisema bado anapinga. Bwana Miliband alipoulizwa kama atajiuzulu, alilipuuza swali.

Agosti 2025 kampuni iliwasilisha mpango wake: njia yenye urefu wa mita 3,500, inayovuka juu ya barabara kuu ya M25, kwa gharama ya pauni bilioni 21 kwa njia na uwanja wake peke yake. Ile taarifa ya sera ya mwaka 2018 itapitiwa upya, kisha lije ombi la kibali, na hapo ndipo ule mlango ulioachwa wazi na Mahakama ya Juu utakaposukumwa. Mabaraza ya mitaa yanawajua mawakili wao tangu zamani.

Huko Sipson, nyumba nyingi zilikwisha kununuliwa na kampuni ya uwanja tangu mpango wa kwanza, na wapangaji wa muda huja na kuondoka. Waliobaki katika nyumba zao wenyewe wana tatizo dogo lisiloingia katika ripoti ya tume yoyote: paa likivuja, hawajui kama walitengeneze au waliache. Wamekuwa hawajui tangu mwaka 2003.